Mama kapata kiharusi, watoto tumetawanyika: gharama za kumlea mnagawana vipi?

MtotoWaMtambwe

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mama yetu yuko Mtambwe, Pemba, umri sabini na kitu. Alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Hospitali wamemruhusu, sasa yuko nyumbani. Akili anayo timamu, kuongea ndiko kwa tabu. Chooni hawezi kwenda mwenyewe.

Tumezaliwa watano. Kaka mkubwa yuko Maskati, mie niko Dar, dada mmoja kaolewa Fuoni, mdogo wetu bado anasoma. Wa tano ni dada anayekaa na mama. Yeye ndiye anayemuosha, anayemlisha, anayeamka usiku. Alikuwa akikaanga sambusa na kachori na kuuza skuli, sasa hawezi tena kutoka.

Kila mwisho wa mwezi kikundi cha familia kinawaka moto. Huyu katuma, huyu hajatuma, huyu anauliza hela ya juzi imekwenda wapi. Nataka kujua mambo matatu. Zanzibar kuna nyumba ya kulelea wazee ambayo unalipia? Pensheni ya wazee inapatikanaje? Na nyie wenzangu mnagawanaje mzigo? Mama ana shamba la mikarafuu, lakini kaka anasema lisiguswe, eti ni mirathi.

Jongowe_Juu

Nimeweka kigoda nasoma. Kwetu mgonjwa ni baba, ila ugomvi ni huo huo.

MstaafuWaUstawi

Waalaykum salaam. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, acha nianze na hilo la nyumba.

Serikali ina makao ya wazee Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani, Wete, kwa upande wenu. Welezo ni ya zamani sana, kabla ya Mapinduzi ilikuwa mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki. Sebleni ilikuja baada ya Mapinduzi, enzi za Mzee Karume. Hizi si nyumba za kulipia kwa mwezi. Ni kwa mzee asiye na mtu wa kumtunza, na kabla hajapokelewa maofisa wanakwenda kuuliza kwa sheha, mkuu wa mtaa, na majirani kama kweli hana jamaa. Mama mwenye watoto watano, mmoja yuko Maskati, usitarajie wampokee kwa sababu tu mnagombana kwenye simu. Na wala si haki, kwa sababu kitanda kile kuna mtu kalala kwenye kibaraza cha watu anakihitaji.

Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016, ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Siku hizi ni 50,000. Ni ya kila mzee aliyefika miaka 70. Haiulizwi kama aliwahi kuajiriwa, wala kama ana shamba, wala kama watoto wake wako Arabuni. Mlango wake ni sheha na maofisa wa ustawi wa wilaya. Kinachokwamisha watu ni kitambulisho cha Mzanzibari: umri unaotazamwa ni ule ulioandikwa mle, na wazee wetu wengi waliandikishwa kwa kukisia, "alizaliwa mwaka wa njaa", basi. Kama cha mama kina umri pungufu au kimekwisha muda, anza na hapo. Na mwambieni sheha mapema kuwa mama hatoki kitandani, msingoje siku ya malipo ndiyo mseme.

Halafu tangu 2020 tuna Sheria ya Wazee. Kumtelekeza mzee si aibu ya mtaani peke yake siku hizi.

MtotoWaMtambwe

Ahsante sana mzee wangu. Kwa hiyo nyumba ya kulipia hakuna, na pensheni ni elfu hamsini. Hiyo itafika wapi?

BiTatu_Jangombe

Itafika kwenye pempasi, mwanangu, na haitozimaliza. Chukua kalamu.

Mgonjwa asiyeinuka anatumia tatu kwa siku, hiyo ni 90 kwa mwezi. Tuseme moja 1,500, na kuna duka wanauza zaidi ya hapo. Tayari 135,000. Elfu hamsini yenu itakwisha tarehe 11. Na hapo hujanunua sabuni, hujanunua mafuta ya kumpaka, hujalipa teksi ya kumpeleka kliniki, hujanunua dawa ya presha siku ambayo hospitali haipo. Matibabu ya Serikali ni bure, sikatai, lakini mgonjwa wa kiharusi gharama yake kubwa haiko hospitali. Iko chumbani mwake.

Sasa sikiliza linalopunguza. Umesema akili anayo. Basi asifanywe mtoto mchanga. Nunueni kiti cha plastiki kizito, chenye mikono, mpelekeeni fundi akitoboe katikati, alainishe ukingo vizuri usije ukamkata, ndoo inakaa chini. Muinueni akiamka, muinueni baada ya kila mlo, muinueni kabla ya kulala. Mwili unazoea saa. Kwa mama mkwe wangu pempasi ilibaki ya usiku na ya safari. Gharama ilishuka zaidi ya nusu, na yeye mwenyewe uso ulirudi. Mtu mzima kukaa kwenye uchafu wake mbele ya wakwe ni mateso, hata kama hasemi.

Kumgeuza: kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Tandika kanga mbili zilizokunjwa chini yake, kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili wanashika ncha, wanamvuta na kumgeuza bila kumburura. Kumburura ndiko kunakochubua ngozi. Kila siku tazama visigino, nyonga na pale mwisho wa uti wa mgongo. Ukiona wekundu usioondoka ukibonyeza kwa kidole, hicho ni kidonda kinakuja, mwili usilalie tena hapo. Kidonda kikishafunguka mtatumia pesa za kukitibu kuliko za godoro zuri mlilosema ghali.

Na uji usiwe wa maji maji. Anayekohoa akinywa, kinywaji kinakwenda njia ya mapafu. Mkalishe wima, uji mzito, kijiko kidogo, na msimlaze papo hapo.

Jongowe_Juu

Bi Tatu, hiki kiti cha kutoboa nakwenda kumtafuta fundi leo hii.

NipoLeicester

Nimesoma swali la nyumba ya kulipia nikacheka kidogo, maana mie ndiyo kazi yangu hapa Uingereza, nalea wazee wa watu. Watu wa nyumbani wanadhani huku Serikali inamlea kila mzee bure. Hapana. Hospitali ni bure, malezi si bure, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Hapa England halmashauri inakuja kupima mali ya mzee. Akiwa na zaidi ya pauni 23,250, anajilipia mwenyewe. Akishuka chini ya hapo wanaanza kumsaidia, na chini ya 14,250 akiba yake haiguswi tena, ila pensheni yake wanaichukua karibu yote, wanamwachia ya mfukoni. Akiingia kwenye nyumba ya wazee moja kwa moja, na jumba lake linahesabiwa kwenye mali, isipokuwa mke au mume bado anaishi humo. Nyumba ya wazee kutoza zaidi ya pauni elfu moja kwa wiki si ajabu. Wazee wanauza majumba waliyoyalipia miaka thelathini. Walipanga kuweka kikomo cha pauni 86,000 kwa maisha ya mtu, mwaka 2024 Serikali mpya ikaufuta mpango.

Nasema haya si kuwasifu wala kuwasema vibaya. Kitu kimoja tu wamekifanya ambacho sie hatukifanyi: wameandika kuwa kumgeuza mtu usiku ni kazi, na kazi ina saa na ina bei. Mie nikiingia zamu ya usiku nalipwa. Dada yako wa Mtambwe anafanya zamu ya usiku, ya asubuhi na ya mchana. Nani kaiweka hesabu yake?

MpigaDebe_Darajani

Ndio haya sasa. Mambo ya Kizungu yameshaingia. Mtoto alipwe kumuosha mama yake? Mama alimlipa nani alipowanyonyesha? Radhi haina risiti.

BintiWaKiuyu

Kaka Darajani, wewe mama yako umemuosha mara ngapi?

Nauliza kwa heshima. Mie nimemlea baba mpaka alipofariki. Ndugu zangu wa kiume walikuwa wakija Idi na mfuko wa halua, wanakaa ubavuni mwake, wanapiga picha, wanalia, wanaondoka na boti ya kesho. Sikulipwa na sikudai, baba yangu ni radhi yangu. Lakini biashara yangu ilikufa. Nilikuwa na mtaji wa kuuza madera, ukaliwa kidogo kidogo na dawa na nauli, kwa sababu huwezi kupiga simu kila siku kuomba elfu tano. Ukiomba unaambiwa "juzi si tulituma?" Alipofariki, mirathi ikagawiwa. Mwanamume fungu mbili, mie fungu moja. Ndiyo sharia, sina neno nayo. Neno langu ni kwa waliosema kabla ya hapo kuwa malezi hayahesabiwi.

MpigaDebe_Darajani

Pole sana dada. Lakini sikumlenga mtu.

UstadhMdogo

Ruhusa niingie kwenye la shamba, maana hapo ndipo kaka wa Maskati anakosea, na wengi wako naye.

Mali ya mama ni ya mama muda wote anapumua. Haijawa mirathi. Hakuna mrithi wa mtu aliye hai. Kwa hiyo kusema "lisiguswe" ni kumzuilia mwenye mali mali yake, akae kwenye godoro bovu ili wanawe waje wagawane karafuu. Wanazuoni wanasema matumizi ya mzazi yanawalazimu watoto pale mzazi anapokuwa hana. Akiwa nacho, kinaanza chake. Kikipungua, ndipo watoto wenye uwezo wanajazia, kila mtu kwa kadiri yake. Mdogo anayesoma hana deni hapo.

La pili, watu wanapenda kumwambia anayelea, "wewe usijali, nyumba hii itakuwa yako." Maneno hayo mara nyingi hayasimami. Mrithi hausiwi, ila warithi wenzake wakubali baada ya kifo. Wasia wenyewe kwa asiye mrithi hauvuki theluthi. Mzazi akitaka kumpa mtoto kitu, ampe angali mzima, akabidhi, mashahidi wawepo, na awatazame wanawe kwa uadilifu. Zawadi ya mtu aliye kwenye maradhi ya mauti inahukumiwa kama wasia.

La tatu ndilo linalomfaa dada. Mtu akifa, mali yake inaanza kutoa mazishi, kisha madeni, kisha wasia, kisha ndiyo mirathi. Deni linatangulia mirathi. Mkikubaliana sasa, na mama mwenyewe anakubali, kwamba dada anapewa kiasi fulani kila mwezi kutoka kwenye mapato ya shamba, hiyo ni ujira. Andikeni. Mwezi ambao hakulipwa unabaki deni lenye maandishi. Bila makubaliano, baadaye hakuna Kadhi atakayejua alikuwa anadai nini. Bwana Darajani, ujira hauondoi thawabu. Imamu analipwa posho na sala yake inakubaliwa inshallah.

MstaafuWaUstawi

Ustadh kasema kweli. Niongeze la ofisini: mama akili anayo leo. Kiharusi hurudi, na kikirudi kinaweza kuchukua maneno na akili. Mtafuteni mwanasheria au nendeni mahakamani, mama aweke hati ya kumpa mtoto mmoja au wawili uwezo wa kusimamia pesa na shamba lake, na ulizeni kabisa kama hati hiyo itasimama akili ikipotea. Asiyeweza kushika kalamu anaweka dole gumba mbele ya mashahidi. Nimeona familia ina pesa ya mzee benki na hawawezi kutoa hata ya kununua dawa, wanachangishana msikitini.

Na kama shamba lenyewe ni zile eka tatu za Serikali walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi, hilo si la kuuza. Mtatumia mazao yake tu.

MtotoWaMtambwe

Shamba alirithi kwa baba yake, si eka tatu. Ila karafuu hazitabiriki. Mwaka unaweza kupata magunia, mwaka wa pili unaokota kwenye majamvi kilo chache.

Nimekaa na dada wa Fuoni kwa simu, tumeandika hivi. Naomba mnikosoe. Pempasi tumeweka 135,000 kwanza, mpaka tuone kiti cha Bi Tatu kinasaidia vipi. Dada wa nyumbani 200,000. Msichana wa jirani aje siku tatu kwa wiki, 80,000. Dawa na teksi 60,000. Chakula cha mama na sabuni 100,000. Jumla 575,000. Pensheni ikitoka inapunguza 50,000, inabaki 525,000. Kaka wa Maskati 250,000, mie 150,000, dada wa Fuoni 50,000. Zinazobaki 75,000 zitoke kwenye karafuu.

Kaka kaambiwa la Ustadh. Kanyamaza siku nzima kwenye kikundi, kisha kaandika "sawa". Kwa anayemjua kaka yangu, hiyo ni hotuba.

NipoLeicester

Hesabu nzuri kuliko nyingi nilizoziona. Matundu mawili. Hakuna akiba. Godoro, kiti cha magurudumu, kulazwa ghafla, hivyo haviji kwa mwezi, vinakuja siku moja. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri msigawane, wekeni benki kwa jina la mama, itawalipia msimu mbaya.

La pili, dada yenu analala lini? Msichana wa siku tatu anakuja mchana. Usiku ndio unaoua. Kazini kwetu mtu mmoja hamwachii mgonjwa usiku na mchana wiki nzima, anavunjika mgongo, na mlezi akivunjika mna wagonjwa wawili.

BiTatu_Jangombe

Hilo la usiku nakubali. Mie ningeongeza hela kwa huyo msichana alale hapo usiku wa Jumatano na wa Ijumaa, dada alale chumba kingine, mlango kafunga. Na pesa ya dada isipitie kwa mtu. Mtumieni kwenye simu yake, peke yake, siku moja na ile ya matumizi ya mama lakini si pamoja. Mkizichanganya, pempasi zitakula mshahara wake na hatosema.

BintiWaKiuyu

Andikeni hili kwa wino mwekundu.

MtotoWaMtambwe

Tumekubali. Karafuu zitatoa 105,000, huyo msichana alipwe 110,000.

Dada wa Fuoni anasema yuko tayari amchukue mama Unguja miezi ya skuli kufungwa, ili dada wa Mtambwe apumzike na arudi kwenye sambusa zake. Je, mgonjwa wa hali hii anasafiri kwa boti? Nauli siyo shida, naogopa safari yenyewe.

Jongowe_Juu

Baba tulimsafirisha. Kwanza daktari aseme presha imetulia. Halafu chagua msimu. Upepo wa kusi ukivuma, Nungwi pale bahari haina adabu hata kwa mzima, sembuse asiyeweza kujishika. Ngojeni kaskazi itulie. Bandarini Mkoani, huko Pemba, fikeni mapema kabla ya msongamano, waambieni mabaharia mna mgonjwa, wawaingize mwanzo na kiti chake. Kaeni chini, katikati ya chombo, karibu na choo. Mlo mwepesi kabla ya safari, dawa zake zote kwenye mkoba wa mkononi si kwenye mizigo, pempasi mbili za ziada na kanga za kumwinulia. Upande wa Malindi, bandari ya Unguja mjini, watu wawili wenye nguvu wawe washafika. Wachukuzi wa pale watawatajia bei ya kumbeba mkishashuka na hamna pa kwenda, kwa hiyo mpatane nao kwa simu kabla boti haijaondoka Pemba.